Machozi ya Granada na Mfuko wa Sokoni

Ndugu msomaji, umezuka mtindo miongoni mwa jamaa zetu waliojaaliwa nauli. Wengine hutoka London, wengine Maskati na Dubai, na wachache hutoka huku kwetu pwani. Huenda Hispania, wakafika Granada, mji ambao Waislamu waliuita Gharnata, wakapanda kilima cha Alhambra, wakasimama mbele ya kuta zilizochorwa maneno ya masultani wa Banu Nasr, "Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu", wakalia. Kisha hufuta machozi, wakateremka mjini, wakanunua. Siku nzima wakanunua! Jioni hurudi hotelini miguu imevimba na mikono imejaa mifuko, na katika mfuko mmoja imo sahani ya kutundika ukutani, imepigwa chapa maneno yale yale, kwa bei ya kutupa.

Mimi siyapingi machozi. Aliyepoteza na alie. Ninalolipinga ni kwamba mtu huyu hupalilia mahali pasipomhusu sana, na pale panapomhusu hupapita mbio akitafuta sumaku ya kubandika kwenye friji.

Alhambra ilikuwa nyumba ya sultani na watu wake. Babu yako, lau angalikuwa raia wa Gharnata, asingalikanyaga ua ule wa simba ila kwa kuitwa, na kuitwa kwenyewe pengine kusingalikuwa kwa heri. Angalikuwa chini, mjini, baina ya msikiti na duka. Huko ndiko alikouza na kununua, akaapa kwa kweli au kwa uongo, akapimiwa unga sawasawa au akapunjwa. Uislamu wa watu wa kawaida ulijaribiwa huko kila siku, juu ya mizani. Nani humlilia mtu huyo? Hata waandishi wetu wakitaka kuisifu Andalusia hutuhesabia nguzo na chemchemi, kana kwamba watu mia nane ya miaka walikuwa wakioga tu!

Basi tutembee, kwani katikati ya mji ule hutembewa kwa miguu. Gari la mgeni limezuiliwa kuingia njia nyingi, na vichochoro vyenyewe havikubali. Tuanze saa nne asubuhi, maduka yanapofunguliwa, katika uwanja wa Bib-Rambla. Utaona vibanda vya maua, meza za mikahawa, na watu wakichovya maandazi ya kukaanga katika chokoleti nzito. Jina la uwanja ni Bab ar-Ramla, Lango la Mchanga, na lango lenyewe lilikuwapo hata likabomolewa katika karne ya 19. Mawe yake yalikuja kusimamishwa tena katika msitu wa Alhambra. Ni katika uwanja huu, kwenye mwaka 1500 au karibu na hapo, ambapo Askofu Mkuu Cisneros aliamuru vitabu vya Kiarabu vya watu wa mji vikusanywe vichomwe. Idadi yake wanahistoria hawapatani. Vya utabibu viliachwa, maana maradhi hayana dini. Mkataba uliotiwa saini Novemba 1491, kabla ya mji kukabidhiwa tarehe 2 Januari 1492, ulikuwa umewaahidi Waislamu dini yao, mali zao na makadhi wao. Haukutimiza hata miaka 10.

Mgeni wetu anayelia hupita hapa akiuliza bei ya maua.

Kutoka hapo unaingia njia ya Zacatín. Sikiliza jina hilo: ni saqqatin, wauzaji wa nguo kuukuu. Mkono mmoja wa Zacatín ni Alcaicería, al-qaysariyya, soko la hariri, ambalo zamani lilikuwa mali ya sultani mwenyewe, likifungwa milango usiku na kulindwa. Mgeni akifika hapa hushika tao la plasta, hufumba macho, akasema, "Hapa walipita wazee wetu!" Walipita kweli, lakini si chini ya tao hilo. Soko la hariri liliteketea kwa moto mwaka 1843. Linaloonekana leo lilijengwa baada ya moto, dogo kuliko la kwanza, kwa kuigiza matao ya Waarabu ili lipendeze. Jengo la kweli la biashara lililobaki liko hatua chache tu ng'ambo ya barabara, nalo laitwa Corral del Carbón, Ua wa Makaa: funduq la karne ya 14, mahali walipolala wafanyabiashara na mizigo yao, la pekee la zama za Banu Nasr lililosalia Hispania nzima. Jina la makaa lilikuja baadaye, wauza makaa walipolifanya kituo chao. Ua wake ni mtupu, kuna birika la maji katikati, na kuingia ni bure. Nilipoingia mimi walikuwamo paka wawili na mzee mmoja akisoma gazeti. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wakisukumana mbele ya tao la baada ya moto wa 1843!

Sasa nije kwenye jambo langu hasa.

Soko la mji wa Kiislamu lilikuwa na mtu aitwaye muhtasib. Kazi yake haikuwa kutoza kodi. Alikagua mizani, vipimo, uzito wa mkate, usafi wa nyama, udanganyifu wa dawa na viungo. Huko Andalusia kazi hii iliandikiwa vitabu. Ibn Abdun wa Ishbilia aliandika chake mwanzoni mwa karne ya 12. As-Saqati wa Malaga akaandika katika karne ya 13, naye lakabu yake imetoka katika neno lile lile la wauza vikuukuu. As-Saqati alikuwa mtu wa kuudhi, yaani mtu wa kufaa. Anafichua hila za wauza unga, za waokaji, za wachinjaji, za wauza manukato. Anafichua pia hila za wauza watumwa, wanavyompaka kijakazi rangi ili apate bei. Na hapo yatupasa tusiruke ukurasa, sisi hasa watu wa pwani, ambao soko la namna hiyo Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Halikuwa soko la malaika. Lilikuwa soko la watu wenye tamaa, na kwa sababu hiyo liliwekewa mkaguzi.

Na je, baada ya mwaka 1492 mkaguzi huyo alikwenda wapi? Hakwenda popote! Wakristo walivunja misikiti, wakapiga marufuku lugha, mavazi na hata hamamu kwa amri ya mwaka 1567, lakini muhtasib walikuwa wamekwisha kumwajiri zamani. Wakamwita almotacén, na kwa karne nyingi miji ya Kikristo ikawa na almotacén wake wa kukagua vipimo. Mizani yenyewe ikabaki na majina yake. Kipimo cha arroba, kiasi cha kilo 11 na nusu huko Kastilia, ni ar-rub', ndiyo robo yetu, yaani robo ya kintari. (Hispania ilipitisha sheria ya kilo na mita mwaka 1849, lakini arroba haikufa, leo ndilo jina la ile alama iliyo katikati ya anwani ya barua ya kompyuta. Wengi huigonga kila siku wasijue wanagonga robo.) Almoneda ni mnada, neno lile lile bila kupungua. Aduana, forodha, ni ad-diwan, ndugu wa diwani wetu. Almacén, ghala, ni makhzan, wa ukoo mmoja na hazina. Tarifa, orodha ya bei, ni jamaa wa taarifa. Zoco ni soko. Hata jiwe la kutandika barabara unalolikanyaga, adoquín, asili yake ni ad-dukkan, jiwe la benchi la mwenye duka. Nawe ukienda dukani kwa Mangi au kwa Mpemba unalitamka jiwe hilo hilo.

Maana yake ni nini, msomaji? Mswahili anayepita sokoni Granada anazungukwa na maneno ya nyumbani kwao. Anapolia kwamba yote yamepotea huwa hasikilizi tu.

Twende sasa soko la San Agustín, karibu na kanisa kuu, mahali wenyeji wanaponunua samaki, mboga na jibini. Onyo kwanza: utakutana na mapaja ya nguruwe yamening'inizwa safu kwa safu kama vitambaa vya sherehe. Usishangae, wala usitoke mbio. Kumbuka tu kwamba palikuwa na miaka katika mji huu ambapo mtu kukataa kuila nyama hiyo kulitosha kumfikisha mbele ya Baraza la Uchunguzi wa Imani. Pita, elekea kwa mwenye samaki.

Hapo hakuna mstari, watu wamesimama ovyo. Bibi mmoja anafika na kikapu, anauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Mtu anainua mkono. Bibi yule anamkariri kwa macho, kisha anaanza mazungumzo yake. Akija mwingine akauliza, naye bibi atainua mkono. Basi! Hakuna karatasi ya nambari, hakuna askari, hakuna kusukumana, na ole wake mgeni atakayejipenyeza. Bei imeandikwa juu ya kila kitu na kodi imo ndani yake. Mizani imeelekezwa kwako uisome. Mwenye samaki akikufungia dagaa wanne walioanza kulegea, yule bibi atamwambia mbele ya watu.

Nami nauliza: huyu bibi ni nani? Mimi naona kazi ya muhtasib imo mikononi mwake, naye hajui jina la Kiarabu la kazi hiyo. Iko sura nzima katika Qur'ani iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na tunaihifadhi tangu chuoni, wala sina haja ya kukusomea. Lakini kipimo cha kopo lililobonyezwa kitako kiko wapi? Kilo ya sukari yenye gramu 900 iko wapi? Wewe ndiwe ununuaye, unajua dukani kwa nani. Sisemi Wahispania ni watu waaminifu kuliko watu wengine. Wana wezi wao, na karibu na kanisa kuu wamo wanawake watakaokushikisha kijiti cha mrosmari na kukutabiria kwa nguvu ili uwape pesa. Nasema soko lao lina macho. Macho hayo tulikuwa nayo sisi, na hayakuchomwa pale Bib-Rambla.

Mtasema, "Mwandishi huyu amekwenda kwa makafiri akarudi akiwasifu." Ngojeni kidogo. Tazameni njia kuu ya maduka, Gran Vía de Colón, yenye majumba ya fahari. Ilianza kufunguliwa mwaka 1895 kwa kubomoa mitaa ya mji wa kale wa Kiislamu, nyumba kwa mamia, na fedha yake nyingi ilitoka kwa matajiri wa sukari ya viazisukari vilivyolimwa katika bonde la mji. Barabara ya Wafalme Wakatoliki, unapotembea ukitazama viatu vioo kwa vioo, chini yake unapita mto Darro. Waliufunika katika karne ya 19. Mji uliovunja vitu namna hiyo siwezi kuusifu kwa kinywa kipana. Na siku hizi unajivunja kwa namna nyingine: kodi za pango zinapanda, fundi viatu anafunga, mwenye duka la nyuzi anafunga, na mahali pao panafunguliwa duka jingine la sumaku. Nani anazinunua sumaku hizo? Jibu analijua yule mgeni wetu anayelia.

Saa nane mchana ndipo wageni hukasirika. Vyuma vya milango vinateremshwa kimoja baada ya kimoja, na maduka madogo hayafunguliwi tena mpaka saa kumi na moja. Duka kubwa la ghorofa nyingi halifungi, na ndiko wageni wanakokimbilia. Nimemsikia Mwislamu mwenzangu, mtu wa swala tano, akilalamika mbele ya mlango uliofungwa: "Watu hawa ni wavivu! Hawajui biashara!" Ewe ndugu, hebu tafakari unalosema. Mwenye duka amefunga mlango, amekwenda kula na watoto wake, na mama yake mzee yumo mezani. Atafungua mpaka saa mbili u nusu usiku. Siku ya Jumapili maduka mengi hayafungui kabisa. Mwaka 2012 serikali ya Hispania ililegeza sheria za saa za biashara, na Madrid ikaruhusu maduka kufungua saa wapendazo siku zote. Wenye maduka madogo wakalalamika kwamba hilo ni la kuwamaliza wao, kwani mtu na mkewe hawawezi kukaa dukani saa 24 kama kampuni yenye zamu. Malalamiko hayo yalikuwa na haki.

Nasi je? Tumeamrishwa kuacha biashara ukisikika mwito wa Ijumaa, kwa muda wa hotuba na rakaa mbili, muda usiotimia hata saa moja. Tazama mabaraza yetu ya maduka Ijumaa saa saba mchana uone milango mingapi iko nusu wazi, mtoto ameachwa kaunta "auze-uze". Mhispania afungaye saa tatu kwa ajili ya mchuzi wa mama yake tunamwita mvivu!

Liko jambo jingine la aibu zaidi, nami nitalisema. Jioni wageni hupanda njia mbili nyembamba za Calderería, mitaa ya mafundi wa masufuria hapo zamani, iliyojaa sasa migahawa ya chai ya nanaa na maduka ya mikoba, taa na majuba. Wenye maduka wengi ni Wamoroko. Mgeni wetu asubuhi alinunua viatu duka kubwa kwa euro 90, akalipa bila ya kukohoa. Uwanja wa ndege atapanga foleni arudishiwe kodi yake ya asilimia 21 mpaka senti ya mwisho, na ni haki yake kisheria. Lakini hapa Calderería, mbele ya kijana wa Kimoroko anayeuza mkoba kwa euro 15, ndipo anapokumbuka udugu wa Kiislamu. "Ndugu yangu, salaam alaikum, sisi sote umma mmoja, nifanyie sita." Huondoka akarudi, akaondoka akarudi, mpaka yule kijana anatoa kwa saba ili apate nauli. Mgeni hutoka akicheka na kuwaambia wenzake alivyomshinda. Amemshinda nani? Kupatana bei ni halali, na soko bila ya maneno halina utamu. Lakini udugu unaotajwa wakati wa kupunguza tu, usiotajwa wakati wa kulipa, una jina gani?

Wala kijana yule simwachi hivi hivi. Alimwambia mnunuzi kwamba mkoba umeshonwa kwa mkono mjini Fez na babu yake, na kumbe umetoka katika boksi la mikoba mia inayofanana mpaka kwenye kosa la mshono. As-Saqati angaliwashika wote wawili masikio.

Najua jawabu litakaloletwa: "Kununua zawadi si dhambi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifanya biashara. Mbona unatubana?" Hakika si dhambi, na mleta zawadi hupendwa. Granada bado wako mafundi wa kweli: wa taracea, wanaopachika vipande vidogo vya mbao na mifupa katika masanduku, na wafinyanzi wa Fajalauza, ambao vyungu vyao vyenye rangi ya samawati na kijani vimeitwa kwa jina la lango la Albaicín. Kitu chao kimoja ni ghali kuliko sumaku ishirini. Nunua kimoja, usinunue ishirini. Umletee mama yako, na wale kumi na tisa wape salamu. Zaidi ya hapo, usijidanganye kwamba kwa kununua umefanya ziyara. Madrasa ya Sultan Yusuf wa Kwanza, ya mwaka 1349, iko palepale, inatazamana na kanisa walimozikwa Isabel na Fernando. Leo ni ya Chuo Kikuu cha Granada. Mahali pa Msikiti Mkuu pana kanisa la Sagrario. Juu Albaicín umo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuomba ruhusa na kuchangisha, na Waislamu wazaliwa wa Hispania husali humo. Ni mwendo wa robo saa kutoka Calderería, kwa kupanda. Wangapi kati ya wanaolia hupanda?

Ukiwa bado una dakika kabla milango haijafungwa usiku, rudi Alcaicería ufanye jambo moja. Soko hili lilijengwa kwa ajili ya hariri. Hariri ilifugwa na kufumwa na Waislamu wa milima na mabonde ya Granada, na baada ya maasi ya miaka 1568 hadi 1571 walihamishwa kwa nguvu wakatawanywa Kastilia, na baina ya 1609 na 1614 watu wao wapatao laki tatu wakafukuzwa Hispania yote. Hariri ya Granada ilianguka pamoja nao. Basi ingia duka lolote lililo wazi, umwombe mwenye duka akuoneshe hariri ya Granada. Atakuteremshia skafu yenye nakshi za Alhambra, laini, inayometameta. Igeuze, uisome lebo.